Mishikaki na vipande vya jibini si shakuteri, acheni kutuuzia jina

Wakuu, hapa Mbeya kumezuka tabia ambayo mimi imenichosha. Kila mpishi wa sherehe siku hizi ana "shakuteri", yaani nyama zilizohifadhiwa kwa mtindo wa Kifaransa, kwenye orodha yake ya bei. Juzi tulikuwa tunamuaga mzee wetu anayestaafu, tukaagiza sinia la shilingi 150,000. Kilicholetwa Forest Mpya: mishikaki iliyopoa, soseji zilizokaangwa na kukatwakatwa, jibini, biskuti za chumvi na zabibu. Basi.

Hivyo ni vitafunwa. Vingeuzwa kwa bei ya vitafunwa nisingefungua mdomo.

Shakuteri ni kazi ya fundi wa nyama, hasa ya nguruwe: kuitia chumvi, kuianika, kuifukiza moshi, au kuipika taratibu kwenye mafuta yake ili ikae. Paris mafundi hao walikuwa na chama chao tangu karne ya 15. Paja la Parma, kule Italia, hutiwa chumvi ya bahari kisha huning'inizwa zaidi ya mwaka mzima. Lile la Bayonne, Ufaransa, si chini ya miezi 7. Muda wote huo maji yanatoka, uzito unapungua, ladha inakolea, na mwenye mali hajauza hata kipande. Bei kubwa inatokana na hapo. Ukikaanga samaki mbichi wa Kyela leo asubuhi, jioni huwezi kumuuza kwa jina la mkavu.

Najua atakuja mtu kusema soseji nayo ni shakuteri. Ni kweli imo, hata ya kuchemshwa. Lakini soseji ya pakiti haibebi sinia zima. Na jibini yenyewe si shakuteri. Wamarekani wamezoea kuipanga pembeni pamoja na matunda na karanga, sawa, ila nyama iliyohifadhiwa ndiyo yenye sinia.

Pesa iliniuma, lakini kilichoniudhi zaidi ni hiki. Shakuteri kwa asili yake ni kitimoto, na wageni wetu wengi walikuwa Waislamu. Waliolijua jina hawakugusa kitu. Nikampigia muuzaji, nikamuuliza kila nyama ni ya mnyama gani. Akanijibu, "Ni mchanganyiko tu, dada." Mchanganyiko! Shehe aliyekuja kumuombea mzee dua akaondoka na soda tumboni. Muuzaji asiyejua soseji yake ni ya nini hafai kulisha watu.

Na inauma kwa sababu huku kwetu kazi hii inawezekana. Nguruwe wanafugwa kuanzia Mbozi hadi Njombe, baridi ya Makete kila mtu anaijua, jibini nzuri inatoka Njombe na Iringa. Siku akitokea kijana anayepima chumvi kwa mzani na kununua nyama iliyokaguliwa, akaisubiri miezi, atakuta wateja wameshachukizwa na jina.

Andikeni "sinia la nyama na jibini", mtaje na mnyama wa kila nyama, tutanunua. Mimi nadai nirudishiwe nusu ya pesa yangu, na muuzaji ameshaacha kupokea simu. Kama kuna mtu Iringa au Njombe anayekausha paja la nguruwe kwa utaratibu wake wote, aweke hapa bei ya kilo.