Ukoo wa Mzee Masanja: Kulwa na ubao wa pedali

JUMAMOSI

Kulwa: Shikamooni wakubwa. Ba'mdogo Shija upo hewani? Nina swali la gitaa.

Shangazi Mbuke: Marahaba. Gitaa lisubiri kidogo. Mchango wa send-off ya Minza umefika nusu tu, na Ijumaa ijayo tunapanda meli kwenda Nansio, Ukerewe. Wenye ahadi wanajijua. Nipo hapa Mwaloni natafuta dagaa wa kupeleka, sitaki kuanza kumpigia mtu simu.

Masalu (Dar): Shangazi, ya kwangu nimetuma jana usiku. Angalia, jina litakuja la mke wangu.

Shangazi Mbuke: Nimeiona, wabeja mwanangu. Haya Kulwa, endelea.

Ba'mdogo Shija: Marahaba Kulwa. Nipo dukani Mlango Mmoja, umeme hakuna, kwa hiyo leo nina muda wa maswali. Sema.

Kulwa: Pedali zangu nne, zile za kukanyaga kubadili sauti ya gitaa, zinazagaa sakafuni kama kandambili mlangoni kwa wenye msiba. Juzi kanisani dada wa alto kakanyaga waya katikati ya pambio, gitaa likafa. Nansio sitaki aibu. Nataka ubao mmoja zikae zote, nikifika nautua chini, nachomeka gitaa na spika, napiga.

Masalu (Dar): Aliniagiza niulizie bei Kariakoo. Ubao mtupu wa aluminiamu laki mbili na nusu, na hapo nimeshabembeleza. Kisanduku cha kugawa umeme kinauzwa kivyake, bei yake siandiki humu.

Doto: Laki mbili na nusu ya kuwekea vitu vya kukanyaga? 😂

Ba'mdogo Shija: Waache wauze wenyewe. Ubao ni mbao, hauna siri. Siri ipo kwenye umeme na kwenye waya, hela yako ipeleke huko. Kulwa, unazo pedali gani, na kila moja inakula kiasi gani? Angalia mgongoni, imeandikwa mA, yaani miliampia.

Kulwa: Tyuna ya kupimia nyuzi 30, ovadraivu ya kukwaruza sauti 8, korasi ya kuinenepesha 20, dilei ya kuirudiarudia 75. Zote volti 9.

Ba'mdogo Shija: Jumla 133, tufanye 150. Ni kidogo sana, hata simu ikichaji inakula zaidi. Sasa angalia kale kamchoro kenye + na − pembeni ya tundu la umeme.

Kulwa: Zote hasi ipo katikati.

Ba'mdogo Shija: Pedali nyingi ziko hivyo, wakati adapta nyingi za nyumbani chanya ndiyo ipo katikati. Usije ukachomeka adapta ya ruta eti kwa sababu imeingia. Tundu ni lile lile, milimita 2.1, ndiyo mtego wenyewe. Zinaletwa hapa dukani zimeshaungua.

Kulwa: Sasa hivi natumia adapta moja yenye mikia mitano. Inavuma. Nikiunganisha dilei unaongezeka mlio mwembamba wa juu.

Ba'mdogo Shija: Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Mvumo mnene ni umeme wa ukutani, unatingishika mara 50 kwa sekunde. Unapita kwenye adapta hafifu au unadakwa na waya usio na wavu wa shaba wa kuukinga. Mlio mwembamba ni wa dilei. Hiyo ni ya dijitali, ndani ina kompyuta ndogo inayowasha na kuzima vitu kwa kasi kubwa. Uchafu wake unarudi kwenye mkia wa adapta, unaingia kwenye ovadraivu. Na kazi ya ovadraivu ni nini? Kukuza.

Doto: Mimi nimeelewa "magonjwa mawili".

Ba'mdogo Shija: Inatosha, utakuwa daktari. Nansio mtatumia umeme au jenereta?

Shangazi Mbuke: Jenereta. Baba Minza ameshakodi. Umeme upo, ila kwa siku ya sherehe hatuuamini.

Ba'mdogo Shija: Basi adapta isahau. Jenereta dogo ukilibebesha friji na spika, volti zinapanda na kushuka, na kelele yote inakuja kwenye gitaa. Tafuta betri ya volti 12, saizi ya 7Ah, zile za mifumo ya kengele za wezi na taa za sola. Betri haina 50 kwa sekunde, inatoa umeme ulionyooka. Mvumo wa adapta unakufa hapo hapo.

Masalu (Dar): Si atumie zile za mstatili za volti 9?

Ba'mdogo Shija: Ile ikiwa nzuri ina kama 500 mAh. Dilei yako peke yake itaimaliza kabla ya watu kutoa zawadi. Ya 7Ah hesabu yake hii: ni mAh 7000, gawa kwa mA 150, kama saa 46. Betri ya risasi haikamuliwi hadi chini, kwa hiyo ishia nusu, saa 23. Minza atakuwa ameshafika kwa mumewe.

Baba Kulwa: 😂😂

Kulwa: Na 12 inakuwaje 9?

Ba'mdogo Shija: Kuna kidude cha miguu mitatu kinaitwa 7809. Ukikisoma maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto unaingiza, wa kati ni hasi, wa kulia unatoa 9. Hapa dukani ni buku tu. Kinataka kama volti 2 za ziada ili kifanye kazi, kwa hiyo betri ikishuka chini ya 11 sauti itaanza kuchafuka. Lakini ikifika huko ulitakiwa uwe umeshaichaji siku nyingi. Weka na kapasita mbili ndogo karibu kabisa na miguu yake, maikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia na 0.1 upande wa kutokea. Hizo nitakunyofolea kwenye redio mbovu, bure.

Kulwa: Kimoja kitatosha zote?

Ba'mdogo Shija: Kwa mzigo kinatosha, kinabeba hadi ampia moja. Lakini weka viwili: cha kwanza tyuna, ovadraivu na korasi, cha pili dilei peke yake. Sikudanganyi kwamba vitakuwa vimetengana kabisa, maana hasi bado ni moja, ila uchafu mwingi utaishia njiani. Mlio ukibaki, dilei tutaipa betri yake. Kifungie kila kimoja kipande cha aluminiamu mgongoni. Joto la vyote viwili ni kama nusu wati, halichomi mtu.

Na fyuzi ya ampia 1 kwenye waya mwekundu, palepale inapoanzia betri. Betri ndogo hivi ikipiga shoti inachoma waya mpaka ubao. Hapo sina mzaha.

Mama Kulwa: Tena akiwa ndani ya meli!

Ba'mdogo Shija: Shemeji, kwenye meli betri inafunguliwa na vichwa vyake vinafungwa nailoni. Nitamwonyesha.

JUMAPILI

Kulwa: [Picha]

Kulwa: Ubao huo. Vipande viwili vya sentimita 50, nimeacha nafasi ya sentimita 4 katikati waya zipite chini, nyuma nimeinua kwa vigingi vya sentimita 6 ili pedali zinilalie kuelekea mguuni. Nimepiga msasa na vanishi.

Masalu (Dar): Safi sana! Mbao gani hiyo?

Mama Kulwa: Hilo ndilo swali. Nimeingia chumba cha wageni kutandika, kitanda kimezama katikati. Chaga mbili hazipo.

Kulwa: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Doto: Nimeuona kabla hujafuta 😂 Kasema "walikuwa hawazitumii".

Shangazi Mbuke: Na anayelala kitanda hicho Alhamisi kabla ya safari ni nani?

Baba Kulwa: Kulwa, nenda kwa seremala Mabatini ukanunue chaga mbili leo hii. Halafu njoo tuzungumze ubao wako, maana umefanya kazi nzuri.

Doto: Velkro nitampa mimi, ninayo ya mita hapa kwenye cherehani, ile ya viatu vya watoto. Na nimshonee begi la turubai, mawimbi yakirusha maji yasiingie.

Baba Kulwa: Velkro gundi yake ikipata jua inateleza. Kuna mnyororo wa baiskeli mbovu hapo nyuma. Fungua vipingili viwili viwili. Tundu moja unalikaza kwa ile ile skrubu ya chini ya pedali, tundu la pili unalikaza kwenye mbao. Pedali ya pale haing'oki hata ukiipiga teke.

Doto: Na akitaka kuitoa?

Baba Kulwa: Si ana bisibisi.

Ba'mdogo Shija: Kaka yuko sawa, na Doto yuko sawa. Ovadraivu na dilei zinakanyagwa usiku kucha, hizo mnyororo. Tyuna na korasi velkro, ila Doto asitegemee gundi tu upande wa mbao, apigilie na misumari ya viatu.

Kulwa: Waya za kuunganisha pedali moja na nyingine je? Za dukani bei imesimama.

Ba'mdogo Shija: Tengeneza. Hapo ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo nisikilize. Usichukue waya wa spika, hata kama ni mnene na unapendeza. Chukua waya wa maiki, wenye uzi wa kati na wavu wa shaba kuuzunguka. Wavu ndio unaozuia mvumo. Mita moja na nusu inatosha na kubaki. Jeki kubwa sita, zile bapa zilizopinda, maana zilizonyooka zitakulazimisha uzitenganishe pedali mpaka ubao usitoshe.

Kuchomelea: menya kama sentimita moja, wavu usokote pembeni. Chovya kwanza kila ncha risasi peke yake, na jeki nayo, ndipo uzikutanishe. Uzi wa kati kwenye ncha ya jeki, wavu kwenye mwili. Risasi iking'aa imeshika. Ikifanya vumbi la kijivu na kutengeneza uvimbe, rudia. Halafu pima kwa mita ya umeme, ile inayolia: ncha kwa ncha ilie, mwili kwa mwili ilie, ncha kwa mwili isilie kabisa.

Ba'mdogo Shija: [Sauti 2:41]

Masalu (Dar): Jamani bando.

Doto: Kwa wasio na bando: anasema gitaa linaingia tyuna kwanza, maana tyuna inataka sauti isiyoguswa na kitu. Kisha ovadraivu, kisha korasi, dilei mwisho. Dilei ikitangulia, ovadraivu itachafua marudio yote na maneno ya gitaa hayatasikika. Anasema si sheria ya serikali, Kulwa ajaribu na kinyume chake asikie mwenyewe. Dakika moja iliyobaki anamzungumzia Mbaraka Mwinshehe.

Ba'mdogo Shija: Nilikuwa nasema jambo la maana. Mbaraka kapiga solo Morogoro Jazz, kapiga Super Volcano, katutoka 1979, na mpaka leo ukimsikiliza unasikia vidole. Pedali hazikupi vidole.

Kulwa: Nimekusikia Ba'mdogo 🙏

JUMANNE

Kulwa: [Video]

Kulwa: Imewaka! Hakuna mvumo. Mlio wa dilei upo kwa mbali sana nikifungua ovadraivu mpaka mwisho, nikipiga siusikii.

Ba'mdogo Shija: Basi achana nao, Nansio kutakuwa na jenereta na mashangazi, hakuna atakayeusikia. Ila kwenye dilei umezidisha marudio. Huo ni uwanja wa bibi, ukuta wa jirani na spika za sherehe vitakuongezea mwangwi wa kwao. Acha marudio mawili, matatu, na sauti yake iwe chini ya gitaa. Sebene ikianza, dilei ndefu inajaza nafasi ambazo mpiga gitaa la ridhimu alitakiwa aingie.

Shangazi Mbuke: Hicho nilichosikia kwenye video kizuri. Imekugharimu ngapi yote?

Kulwa: Betri 40,000, jeki sita 9,000, waya 3,000, vidude na fyuzi na mikia ya umeme kama 7,000, vanishi na msasa 5,000. Na chaga 😅

Shangazi Mbuke: Kwa hiyo mchango unao.

Kulwa: Shangazi, si napiga gitaa bure?

Shangazi Mbuke: Gitaa ni zawadi. Mchango ni elfu thelathini.

Baba Kulwa: Atalipa.

Masalu (Dar): Kulwa nitumie vipimo, huku nina pedali mbili na mimi.

Kulwa: Pedali ya kawaida ina upana wa sentimita 7 na ushee, urefu kama 13. Kati ya pedali na pedali acha 4 za jeki, pembeni acha kidogo. Mbili zitaingia kwenye sentimita 30.

Ba'mdogo Shija: Masalu, kata 60. Nawajua wapiga gitaa.