Kitasa cha 85,000 kimevunjwa kama muwa, muuzaji ananiuliza "Mbona kinafanya kazi?"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka dukani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Yule muuza vitasa wa pale stendi mnamjua. Sitaji jina, mnamjua. Yule ambaye kwake kila kitu ni "orijino", hata misumari. Nilienda nibadilishe kitasa cha mwenye nyumba, akanitolea cha silinda, funguo 5 zinang'aa utadhani za Benki Kuu. 85,000. "Hiki mwizi akikiona anaomba radhi."

Juzi mwizi kakiona. Hakuomba radhi. Silinda, ile sehemu unapochomeka ufunguo, ilikuwa imechomoza nje kama ulimi wa mtoto anayekukebehi. Kaibana na plaizi, kaikunja kushoto, kaikunja kulia, ka! Imekatika katikati, palepale kwenye tundu la skrubu ambapo chuma ni chembamba kama bati la dagaa wa kopo. Bisibisi ndani, karibu nyumbani. Jirani anasema alisikia mlio mmoja, akadhani navunja nazi. Wamebeba TV inchi 43, mtungi wa gesi, pasi, na maharage ya jana wamekula, sufuria wameniachia nioshe.

Leo nikampelekea ile nusu ya silinda aione. Kaipokea, kaipuliza vumbi, kaomba ufunguo. Nikampa. Kauchomeka kwenye kile KIPANDE, kauzungusha, ukazunguka laini kabisa. Akaniangalia usoni:

"Mbona kinafanya kazi?"

KINAFANYA KAZI! Nyumbani sina hata pasi, na kinafanya kazi! Mama mmoja aliyefuata bawaba akachungulia, akasema "kweli kinazunguka." Duka zima likacheka. Halafu kauzungusha TENA, kuhakikisha!

Mtu kama huyu usiku analala?

Kiazi Mviringo: Uzi bila picha ya hicho kipande ni chai.

Binti Kimara: Pole mkuu, ila nimecheka hadi nimemwamsha mtoto. Kwa hiyo ulizunguka?

Mleta uzi: Ulizunguka.

Tindo na Nyundo: Kosa ni la fundi wako, na lako. Silinda inatakiwa ilale sawa na bamba la mkono wa kitasa, plaizi ikose pa kushika. Ulipima unene wa mlango kabla ya kununua? Hukupima. Unachukua silinda ndefu ya mlango wa mninga unaitia kwenye mlango wa maboksi, halafu unamlilia muuzaji.

Mzee wa Baridi: Huku Uingereza wezi wa kuvunja silinda waliwatesa watu sana. Siku hizi unatafuta yenye alama ya ubora ya huku, TS 007, nyota 3. Inakatika kipande cha mbele tu, kilichobaki kinaendelea kufunga.

Kiazi Mviringo: Tumeshajua uko Uingereza mkuu. Huku nyota 3 ni hoteli.

Mpangaji Sugu: Nyie mna bahati, mnavunjiwa. Mimi kitasa changu ni kile cha kawaida cha ufunguo mrefu. Ufunguo wa jirani wa chumba cha nne unafungua kwangu, wangu unafungua stoo ya mwenye nyumba. Nimemwambia, kajibu "si ndiyo undugu wenyewe?" Kodi ya miezi 6 kaichukua lakini.

Binti Kimara: Afadhali wako. Wangu kakataa nisiweke grili, eti naharibu sura ya nyumba. Nyumba yenyewe haina plasta.

Mpangaji Sugu: Wote wanatoka tumbo moja hawa.

Chuma Chakavu: Kitasa cha nini? Likija jiwe la fatuma mlango unang'oka na fremu yake, kitasa kikiwa kimefungwa vizuri tu. Fugeni mbwa.

Jogoo wa Shamba: Mimi nilikuwa na mbwa. Wameondoka naye.

Mleta uzi: Jamani, mada ni huyu mtu na "mbona kinafanya kazi"!

Chuma Chakavu: Walimbeba au alifuata mwenyewe?

Jogoo wa Shamba: Jirani anasema alikuwa anatingisha mkia.

Tindo na Nyundo: Wa aina gani?

Jogoo wa Shamba: Koko. Ila ukimwambia kaa, anakaa.