Bundi hatakiwi, pamba inachungulia, shingo zinalegea: naombeni ushauri, wanaofuma wanyama wa kroshe

NyuziZaIbanda

Hamjambo wote. Nipo Bukavu, Ibanda. Nafuma kroshe tangu usichana wangu. Mama alinifundisha kofia na soksi za watoto wachanga, na mpaka leo nguo za wachanga ndizo zinazonilipia nyumba. Sasa mwalimu mmoja wa watoto wadogo aliona dubu niliyemfumia mwanangu, akaniagiza wanyama 12 wa msituni kwa ajili ya darasa lake, watoto wa miaka 3 hadi 5. Alinipa wiki 3. Wiki ya kwanza imekwisha, nina wanyama wanne, na hata mmoja sina raha ya kumtoa nyumbani.

Dubu ukimbonyeza tumboni, pamba inachungulia katikati ya vitanzi. Natumia sindano ya kroshe namba 4 (yaani unene wa milimita 4) kwa sababu karatasi ya uzi inasema 4. Mbweha kichwa kinamwangukia begani kama mtoto aliyesinzia kwenye teksi. Kalunguyeye sijui nimemkosea nini, ngozi yake ina vistari vya kulala badala ya vile vi-V vizuri ninavyoviona kwenye picha za wenzangu.

Jambo lililonivunja moyo kabisa ni macho. Nilishona vifungo vyeusi vya shati, nikakaza uzi mara nne. Jumapili nikamkuta mwanangu mdogo wa mwaka mmoja na nusu amekaa chini anatafuna kitu. Nilimwingiza kidole mdomoni, kikatoka kifungo. Mikono ilinitetemeka na sikushika sindano siku mbili.

Na kuna bundi. Yeye ndiye aliyetoka vizuri kuliko wote, uzi wa kijivu, mviringo safi. Mama mkwe alipomwona mezani alisema kitu hicho kisilale ndani ya nyumba. Jirani naye akaniambia hakuna mzazi atakayekubali mtoto amkumbatie bundi. Michoro yote niliyoipata kwenye intaneti ni ya misitu ya Ulaya: mbweha, kalunguyeye, bundi, dubu, kindi. Nifuate hiyo tu, au nibadilishe wanyama? Nisaidieni, siku zinakwenda.

mama_mapacha_Goma

Pole sana, dada, hasa kwa hicho kifungo. Mungu alikusaidia ukakiona mapema.

Namba ya kwenye karatasi ya uzi ni ya nguo. Sweta linatakiwa kulegea na kupumua, lakini mnyama wa kujazwa anatakiwa kuwa mgumu kama kikapu. Kwa uzi huohuo shuka mpaka 3, na kama mkono wako ni mlegevu, 2.5. Vidole vitauma siku ya kwanza. Mimi nilidhani nimeharibu kiganja, kumbe kilikuwa kinazoea.

Kisha angalia unavyouchukua uzi. Sisi tuliozoea nguo tukishaingiza sindano kwenye kitanzi tunauzungusha uzi juu ya sindano, ndipo tunavuta. Kwa wanyama jaribu kinyume chake: uache uzi nyuma, pitisha kichwa cha sindano juu yake, uunase, uuvute. Kitanzi kitatoka na umbo la X badala ya V, nacho kinabana zaidi. Fuma mpira mmoja mdogo hivi na mwingine ulivyozoea, uviweke mkononi. Huo wa X utakuwa mdogo kidogo na mgumu zaidi, na hutaona pamba.

Kuhusu kalunguyeye wako, nina hakika amegeuka, ndani imekuwa nje. Shika kazi yako kama kikombe, mdomo ukiangalia juu. Kama unatumia mkono wa kulia, unatakiwa kufuma kwenye ukingo ulio karibu na tumbo lako, ukitoka kulia kwenda kushoto. Ukijikuta unafuma ukingo wa mbali, basi upande wa ndani ndio unaokuangalia, ndiyo maana unaona vistari. Wengi tunaanza hivyo. Kabla ya kumjaza, mgeuze kama soksi, hakuna haja ya kumfumua.

NyuziZaIbanda

Mama mapacha, nimesimama na kikombe changu mkononi, kweli nafuma ukingo wa mbali! Miaka yote hii kwenye kofia sikuwahi kujali, maana kofia unaigeuza tu. Aksanti sana.

Yaya_wa_Bagira

Mdogo wangu, macho usishone vifungo tena, na usinunue yale ya plastiki yenye kishikizo cha nyuma, yanayoitwa "macho salama", ukidhani ni salama kwa sababu ya jina lake. Hayo nayo hayafai kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Akitafuna kitambaa, vitanzi vinapanuka na jicho linatoka lote na kishikizo chake. Darasa lina wa miaka 3, lakini nyumbani kwao wana wadogo zao. Darizi macho kwa uzi mweusi. Chukua sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, pitisha uzi mara 5 au 6 juu ya kitanzi kimoja mpaka uvimbe kidogo, kisha weka mshono mmoja mdogo mweupe pembeni. Huo weupe ndio unaompa uhai, bila huo anaonekana amelala. Darizi kabla hujafunga kichwa, ili fundo libaki ndani.

Sasa pamba. Unajaza na nini? Mwanzo mimi nilitumia mabaki ya vitambaa kutoka kwa mshonaji. Wanyama wangu walikuwa wazito, wenye mabonde, na nilipowafua wakati wa mvua, tena mvua zetu mnazijua kuanzia Septemba mpaka Mei, walikaa siku nne bila kukauka na wakaanza kunuka. Vipande vya godoro navyo usitumie, baada ya muda vinakuwa unga. Ninachofanya ni kwenda soko la Kadutu upande wa mitumba, natafuta mto wa kulalia uliojazwa nyuzi nyeupe laini. Naufua mzima ndani ya foronya, naukausha juani, ndipo naupasua. Mto mmoja unajaza wanyama wengi. Chambua zile nyuzi kwa vidole mpaka ziwe kama wingu, uingize kidogo kidogo ukianzia pembeni. Ukiingiza bonge zima, utaliona kama uvimbe.

Shingo ya mbweha: ulipunguza mpaka vitanzi vingapi ulipofika shingoni?

NyuziZaIbanda

Yaya, mpaka 6, nikafunga kichwa. Mwili nao nikaufunga, kisha nikavishona pamoja.

Yaya_wa_Bagira

Hapo ndipo penye kosa. Umeshonea mpira juu ya mpira, vinagusana mahali padogo kama sarafu. Usifunge. Kama kichwa kilipanuka mpaka vitanzi 36, punguza mpaka 18 uishie hapo, kisha uanze kuongeza tena kwenda mwilini: 24, 30. Kichwa na mwili viwe kitu kimoja, jaza shingo mpaka ikatae. Ndani ya shingo usiweke kijiti wala waya, ni mtoto huyo.

Wakati wa kupunguza, usichukue vitanzi viwili vizima, vitaacha shimo. Kila kitanzi kina nyuzi mbili juu yake. Chukua ule wa mbele wa kitanzi cha kwanza, na ule wa mbele wa cha pili, uvute pamoja kama kitanzi kimoja. Hata mimi mwenyewe huwa sioni nilipopunguza.

fundi_wa_Lubumbashi

Naongeza kidogo tu. Weka alama ya uzi wa rangi nyingine mwanzo wa kila mzunguko, maana tunafuma kwa kuzunguka bila kufunga, na ukipoteza mahali pa kuanzia umepoteza hesabu. 6, 12, 18, 24, 30, 36: kila mzunguko unaongeza 6. Ukihesabu 29 usiseme si kitu. Kichwa kitapinda upande mmoja, na masikio hutayapatia mahali.

Kuhusu bundi, huku Lubumbashi pia hapendwi. Lakini mimi ningembakisha. Anakula panya wa mashambani, na mtoto akimzoea akiwa mdogo hatamrushia mawe akiwa mkubwa.

mjukuu_wa_Kabare

Ndugu fundi, nakuelewa, na kuhusu panya umesema kweli. Lakini huyu dada ana oda ya watu na ana mama mkwe ndani ya nyumba. Bundi akilia juu ya paa huku kwetu, watu hawalali, wanangoja habari ya msiba. Mtoto akifika nyumbani na bundi, atanyang'anywa mlangoni na atalia. Vita hivyo tusimpe mtoto wa miaka 3 avipigane.

Dada, ninalotaka kukuambia ni hili. Mwalimu amesema wanyama wa msituni. Msitu upo. Mjomba wangu alifanya kazi ya kufuata nyayo za sokwe (gorila) katika mbuga ya Kahuzi-Biega, na tukiwa wadogo alitueleza mambo yale mpaka usingizi unatushika. Kutoka Bukavu mpaka Tshivanga, pale wageni wanapopokelewa, ni kilomita 30 hivi. Mbuga ipo tangu 1970, na tangu 1980 imo katika urithi wa dunia. Lakini watoto wengi wa mjini humu wanamjua dubu, ambaye hayupo katika misitu yetu, na hawajui kwamba sokwe mkubwa kuliko wote duniani ni huyu wetu wa mashariki ya Kongo, ambaye hayuko nchi nyingine yoyote. Hilo linaniuma kwelikweli.

Mfumie sokwe. Dume mzima ana mgongo wa rangi ya fedha, ndipo akaitwa mgongo-fedha. Mwili mweusi, mgongo wa kijivu. Mfumie na jike na mtoto, wanaishi kwa familia. Mfumie tembo wa msituni, ambaye masikio yake ni ya mviringo kuliko ya yule wa nyikani. Sokwe mtu, nungunungu, kima, kakakuona. Kindi wako wa Ulaya mbakishe, vindi tunao hata sisi, mpunguzie tu manyoya ya mkia.

mama_mapacha_Goma

Sokwe ni wazo zuri mno! Ila dada, uzi mweusi tii ni adui. Usiku umeme umekatika, unatumia tochi ya simu, vitanzi huvioni hata kidogo. Nunua kijivu kizito cha rangi ya makaa, kwa mbali kinaonekana cheusi na vitanzi vyake vinahesabika. Sokwe mfume mchana karibu na dirisha, usiku fuma tembo.

Unapobadilisha rangi ya mgongo, usisubiri kitanzi kiishe. Kitanzi cha mwisho cha rangi ya zamani kimalizie na uzi mpya, ule mvuto wa mwisho tu. Hapo mpaka utakaa sawa. Ukichelewa, rangi ya kwanza itaingia kwenye ya pili kama jino.

Kakakuona mwache kwa oda nyingine. Magamba yake yanafumwa moja moja, nilitumia siku tatu kwa mmoja. Kwa wiki mbili zilizobaki utajiumiza bure.

NyuziZaIbanda

Machozi yamenitoka nikisoma ya mjomba. Mimi mwenyewe nimezaliwa Bukavu na sijawahi kufika Tshivanga. Nimempigia mwalimu, amekubali palepale na amesema ataomba kila mtoto ajifunze jina la mnyama wake. Okapi naye je? Mwalimu amemtaja.

mjukuu_wa_Kabare

Okapi hayupo Kahuzi-Biega, dada, mwambie mwalimu asiwafundishe hivyo. Yuko kaskazini, misitu ya Ituri, upande wa Epulu. Lakini ni wa Kongo peke yake, kwa hiyo kama darasa ni la misitu ya nchi yetu, anastahili kuwemo. Mwili wa kahawia iliyokolea, mistari nyeupe na nyeusi iko kwenye mapaja na sehemu ya juu ya miguu ya mbele tu. Usimfanye punda milia. Pembe fupi ni za dume, jike hana.

Yaya_wa_Bagira

Na umeshadai avansi, malipo ya mwanzo? Wanyama 12 ni uzi mwingi na saa nyingi. Mimi sianzi oda kubwa bila nusu mkononi, hata kwa rafiki.

Halafu huyo bundi wa kijivu usimfumue. Mviringo wake ni wa kasuku. Toa yale masikio ya juu, toa ile miduara mikubwa ya macho, weka mdomo mweusi uliopinda, na nyuma umtie mkia mwekundu mfupi. Kasuku wa kijivu naye ni wa misitu yetu.

NyuziZaIbanda

Narudi baada ya siku sita. Avansi niliomba huku naona haya, nikapewa siku hiyohiyo. Sindano 2.5, uzi nauacha nyuma na kuunasa kama mama mapacha alivyosema. Tembo ukimbonyeza anarudi mwenyewe na pamba haionekani. Mbweha nimemfumua nikatumia uzi wake kwa kima. Sokwe watatu wamekaa dirishani, dume nimempa mgongo wa kijivu cheupe, shingo imesimama. Macho yote nimedarizi, nikamwachia mwanangu mdogo sokwe mtoto amtafune nusu saa nikiwa nimekaa mbele yake. Hakikutoka hata kiuzi kimoja.

Bundi amekuwa kasuku. Mama mkwe hakujua ni yuleyule. Alimchukua mezani, akamgeuza, akauvutavuta mkia kuona kama umeshikilia, akaenda kumweka juu ya kabati la vyombo. Jana nilipotaka kumrudisha kwenye mfuko wa oda akaniuliza nampeleka wapi. Sasa nafuma kasuku wa pili.

Nimebakiza okapi. Mjukuu wa Kabare, mwanangu mkubwa anasema okapi ana ulimi mrefu, nami nataka kuuweka nje kidogo. Ni wa rangi gani, mwekundu?

mjukuu_wa_Kabare

Hapana, dada. Bluu nzito inayokaribia nyeusi. Na usiogope kuufanya mrefu, anaufikisha mpaka masikioni kujisafisha.