Mnaosimama Mikumi kulisha nyani na kupiga selfi na tembo, mnaua wanyama na mtaua watu

Wakuu,

Malalamiko haya yanawahusu wapenzi na wanandoa mnaotoka Dar wikiendi na IST au Harrier zenu kwenda Iringa kutembea, mkifika Mikumi mnageuza barabara kuu kuwa uwanja wa picha. Kipande kile cha yapata kilomita 50 kinachokata katikati ya Hifadhi ya Taifa Mikumi ni njia ya malori ya Tunduma na Zambia, na ya mabasi ya mikoani. Hakuna anayewakataza kutazama. Tunachokataa ni mnavyotazama.

Nianze na nyani, maana uharibifu mwingi unaanzia hapo. Mmoja ameshika simu, mwenzake anarusha ndizi au biskuti dirishani. Nyani anajifunza upesi sana. Akishapata chakula kwenye lami, kesho anarudi kukaa palepale, na kundi lote linamfuata, majike na watoto mgongoni. Basi linakuja, linawagonga. Mzoga ukibaki barabarani, mchana wanashuka tai, usiku anakuja fisi, nao wanagongwa juu ya mzoga uleule. Dereva wa lori akijaribu kuwakwepa gizani anaingia mtaroni na mzigo wake. Yote hayo yameanzia kwenye ndizi moja. Na msiseme ganda linaoza lenyewe. Kabla halijaoza limeshamvuta mnyama barabarani. Wekeni mfuko wa taka ndani ya gari, mkautupe mkifika Mikumi mjini au Morogoro. Mbona ni kazi ndogo tu jamani?

Tena nyani aliyezoea kulishwa haombi, ananyang'anya. Anajua kuvuta kitasa cha mlango ambao hamjaubana loki, anaingiza mkono kwenye kioo kilichoshushwa nusu, na akiona mfuko wa plastiki anajua ni chakula. Dume akikutazama huku anapiga miayo na kuonyesha chonge, anakutisha, hajachoka. Pandisheni vioo, bana loki, ondokeni polepole. Mkishuka kumfukuza, anayeumia ni ninyi, na baadaye askari wa hifadhi ndiye anayelazimika kumpiga risasi nyani mliyemharibu.

Tembo sasa. Watu wanashuka kwenye gari wanampa mgongo tembo ili waingie wote wawili kwenye fremu! Tembo akitanua masikio, akainua kichwa na kutikisa, hapo bado anawaonya. Akibana masikio nyuma, akakunja mkonga kifuani na kushusha kichwa, anakuja kweli, na kwa mbio fupi ni vigumu mtu wa kawaida kumshinda. Dume lenye majimaji meusi yanayotiririka kati ya jicho na sikio, huku mkojo unadondoka, liko kwenye joto la kupanda na halina subira kabisa. Likiwa karibu na lami, simameni mbali, mita 50 au zaidi, injini ikiunguruma, na muache nafasi ya kurudi nyuma. Msipige honi, msiwashe taa kali machoni pake. Familia ikivuka, msipite kati ya mama na mtoto hata kama mnaona nafasi inatosha.

Halafu mnasimama wapi? Kwenye kona, tairi mbili zikiwa juu ya lami, bila hata kuwasha taa za hazadi. Lori lenye tani 30 nyuma yenu halisimami kama IST. Dereva wake ana njia mbili tu: awagonge au ahamie upande wa basi linalokuja.

Mwendo nao. Kikomo ni 70 mchana na 50 usiku, na namba hizo zina hesabu yake. Ukiwa na kilomita 100 kwa saa, kuanzia unapoona mnyama hadi gari kusimama kwenye lami kavu unahitaji karibu mita 95. Kwa 70 ni kama 56, kwa 50 ni kama 35. Taa za mbele za gari la kawaida zikiwa zimeshushwa, siyo full, zinamulika mita 40 hadi 60. Maana yake ukizidisha 50 usiku, mnyama unayemwona umeshamgonga. Twiga ni mbaya zaidi: bampa linakata miguu, mwili wote unatua kwenye kioo cha mbele. Faini ya kumgonga twiga ni dola 15,000, ila wengine hawabaki kuilipa. Na swala mmoja akivuka usiongeze mwendo, wenzake wako nyuma yake. Kanyaga breki usukani ukiwa umenyooka. Wengi wanapinduka kwa kukwepa kitu cha kilo 50.

Kama mnataka picha, ingieni hifadhini kwa geti la Kikoboga, lipeni kihalali kwa kadi au namba ya malipo, mkae na wanyama kwa utulivu. Bwawa la viboko haliko mbali na geti. Ila msipeleke gari la chini kwenye udongo mweusi wa bonde la Mkata humo hifadhini wakati wa masika, utawanasa hadi ekseli. Na kabla ya kuondoka Morogoro pimeni upepo wa tairi la akiba, maana kubadili tairi katikati ya hifadhi ni kazi ya watu wawili: mmoja kwenye jeki, mwingine amesimama anaangalia majani asije akatokea mnyama.

Kwa wahusika: wekeni maegesho machache rasmi ya kutazamia, yenye doria, nje kabisa ya lami, na anayelisha nyani atozwe faini papo hapo kama mnavyotoza mwendo kasi. Wadau, mkiona gari limesimama linarusha chakula, andikeni namba ya gari, saa na upande lilikokuwa likielekea, mkaripoti getini.