Ukumbi wa zamani wa sinema: tuufufue kwa maonyesho ya jukwaani au tugawe frem?

Wana Tabora wenzangu, hili tulijadili. Zikitajwa kumbi za zamani za sinema, jibu la haraka huwa ni moja: toeni frem za maduka, kodi iingie. Napinga. Ukumbi wa aina hiyo ufunguliwe kwa onyesho la papo kwa papo kila wiki: dansi, ngoma, vichekesho, sarakasi, mazingaombwe, vyote usiku mmoja.

Si jambo geni kwetu. Mji huu ndio wa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Na miaka ya 1980, vikundi kama Muungano vilijaza kumbi kwa kuchanganya taarabu, maigizo, ngoma na sarakasi kwa kiingilio kimoja.

Najua mtasema watu wana simu na vibanda umiza. Hebu tuangalie ukumbi wa Hackney Empire wa London. Ulifunguliwa mwaka 1901 kwa maonyesho mchanganyiko, mwaka 1963 ukageuzwa ukumbi wa bingo, mwaka 1986 ukarudia jukwaa kwa vichekesho na muziki. Wakati huo Waingereza walikuwa na televisheni majumbani, na bado walitoka.

Ninachokiogopa zaidi ni ufufuaji wa rangi na utepe: mgeni rasmi anakata, anaondoka, ukumbi unabaki wa harusi na semina. Bila siku maalumu watu hawazoei. Mimi nataka Ijumaa, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, mama wa Isevya awahi kurudi na wanawe bodaboda zikiwa bado nyingi.

Tena pleibeki isikanyage pale. Tumeshaona: wimbo unatoka kwenye flashi, mdomo wa msanii unachelewa nyuma ya sauti yake mwenyewe, na waliokaa mbele wanaona kila kitu. Mtu hawezi kutoa kiingilio mara ya pili kwa hilo. Mpiga manyanga anayelowa jasho mbele yako, huyo utamrudia.

Hela je? Vikundi vya vijana na wanawake viombe mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na mgao wa msanii kwenye kiingilio uandikwe kabla mlango haujafunguliwa. Hapo ndipo sanaa yetu inapofia, wasanii kurudi na nauli tu.

Wa frem, njooni na hesabu: maduka mangapi ya mjini yamefungwa kwa kukosa wapangaji? Na anayeona Ijumaa haifai, ataje siku yake.