Mjadala: Kujitolea bila posho, nani hasa anayelipa?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za leo. Naweka mada ambayo najua itatugawa. Huu utaratibu wa wahitimu wa vyuo kujitolea bila posho kwenye shule, zahanati na maofisi, mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa nne, uendelee kama ulivyo? Upigwe marufuku? Au waliojitolea wapewe kipaumbele ajira zikitoka?

Msimamo wangu nausema mapema. Kazi inayofanywa kila siku kwa saa za ofisi ilipwe, hata kama ni kidogo. Na aliyejitolea asipewe upendeleo kwenye usaili. Najua hilo la pili litaniletea matusi, lakini nisikilizeni kwanza.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana shahada ya uhasibu. Anajitolea kwenye ofisi moja hapa Dar es Salaam, sitaitaja. Asubuhi saa moja na nusu yuko mezani, ana faili zake, na bosi akitaka taarifa ya mwezi anaitwa yeye, haitwi aliyeajiriwa. Mshahara hana, posho hana. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, ukijumlisha wali maharage wa mchana kwa mama ntilie, haipungui laki moja kwa mwezi, na hiyo inatoka kwangu. Analala kwangu, anakula kwangu. Yaani ofisi ile imepata mhasibu, na mimi ambaye siijui hata bajeti yao ndiye ninayemlipa. Halafu kwenye vikao wanasema kijana "anasaidiwa kupata uzoefu".

Sasa tazameni upande wa pili. Nina mtoto wa shangazi yangu kule Kwimba, amemaliza chuo mwaka mmoja na mdogo wangu, GPA yake kubwa kuliko ya huyu wa kwangu. Hajajitolea popote. Si mvivu. Hana ndugu mjini wa kumpa chumba na nauli, na nyumbani wanamhitaji shambani. Wote wawili wakifika kwenye usaili, wa kwangu ana barua ya uzoefu, yule hana kitu. Uwezo hauwatofautishi. Kinachowatofautisha ni kwamba mmoja ana dada mwenye kipato Tabata na mwenzake hana. Ndiyo maana nasema upendeleo kwa waliojitolea ni kumchuja maskini kwa mara ya pili, baada ya kumchuja kwenye ada.

Na msiniambie nafasi zipo ila vijana wanachagua kazi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili Uwanja wa Taifa, wakaja watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Tukadhani ule ndio mwisho wa maajabu. Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba 135,027. Usaili wa walimu nao mwaka huohuo: nafasi 14,648, waombaji 201,707, yaani karibu watu 14 kwa kiti kimoja. Msongamano ukiwa hivyo, mwajiri yeyote anaweza kusema "njoo ufanye bure" na atapata foleni. Foleni haithibitishi kuwa utaratibu ni mzuri, inathibitisha kuwa watu wamekwama.

Karibuni. Mwenye takwimu alete, mwenye hasira alete pia ila asitukane wazazi wa mtu.

Afisa rasilimali watu, sekta binafsi

Dada, nakuheshimu, lakini hujawahi kukaa upande wa meza niliopo mimi. Napokea wahitimu ambao hawawezi kuandika barua ya kikazi ya aya tatu. Mwingine ana shahada ya masoko lakini hajawahi kumpigia mteja simu. Miezi sita ya kwanza hanipi kitu, ananichukulia muda wa wafanyakazi wangu. Ukinilazimisha nimlipe, sitamlipa, nitafunga mlango. Halafu huo uzoefu ataupata wapi?

Na wengi niliowaajiri walianza kwa kujitolea. Nilimwona mtu anavyofanya kazi, anavyowahi, anavyojibu wateja, nikamchukua. Usaili wa dakika ishirini hauwezi kunipa hayo.

Mwanzisha mada

Kaka, miezi sita ya kwanza sina ugomvi nayo sana. Nauliza kuhusu mwezi wa saba. Ukishamwachia funguo za ofisi na neno siri la mfumo, huyo bado anajifunza?

Mwalimu wa kujitolea, Kigoma

Mimi nimekasirika, naomba mnivumilie. Nafundisha hesabu na fizikia sekondari ya kata, mwaka wa nne huu. Wazazi wananichangia elfu thelathini kwa mwezi, ikipatikana. Msimu wa kilimo haipatikani.

Tukumbushane tulifikaje hapa. Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Jambo jema, sitalibeza, wadogo zangu wamesoma kwa hilo. Madarasa yakafurika. Mwaka huohuo ajira serikalini zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, na Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Sawa, wa kughushi aondoke. Lakini hesabuni wenyewe: wanafunzi wameongezeka, walimu wamepungua, ajira mpya hakuna. Nani aliingia darasani? Ni sisi tuliokuwa tumekaa nyumbani na digrii za ualimu.

Halafu ajira zikatoka, tukaambiwa walimu nao wafanye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali cha kuajiri. Nikaenda kwenye usaili wa mchujo, nikakaa na kijana ambaye hajashika chaki tangu mafunzo kwa vitendo. Karatasi moja, maswali yaleyale. Yeye akapita, mimi nikaanguka. Nikarudi Jumatatu darasani kufundisha kidato cha pili, bure. Sasa dada unasema nisipewe hata alama moja ya ziada? Miaka yangu minne iende wapi?

Mhitimu wa ualimu, Kwimba

Mwalimu, pole, ila mimi ndiye huyo kijana ambaye "hajashika chaki". Si yule uliyekaa naye, lakini ni wa aina hiyo. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilipomaliza nilirudi kulima mpunga na kukaanga chipsi jioni stendi, wadogo zangu wawili wako shule. Nilikwenda shule ya jirani kuomba kujitolea, mkuu wa shule akanikubali kwa mikono miwili. Wiki ya tatu nikaacha, kwa sababu saa za kufundisha ndizo saa za kutafuta unga.

Ukipewa alama za ziada kwa kujitolea, mimi nimeshatoka kwenye ushindani kabla karatasi haijagawiwa. Usaili wa wazi, hata uwe na kasoro zake, ni mahali pekee ambapo mimi na wewe tunapimwa kwa kitu kimoja.

Mchangiaji mwingine

Jiajirini. Mnalia ajira ajira, ardhi imejaa.

Mhitimu wa ualimu, Kwimba

Nimesema nalima na nakaanga chipsi. Ulitaka nijiajiri mara ngapi?

Mchangiaji kutoka Nakuru, Kenya

Majirani, huku kwetu hili jambo lilifika kortini, kwa hivyo acheni niwasimulie. Serikali ilipoanzisha sekondari msingi (gredi ya saba hadi ya tisa), TSC, tume inayoajiri walimu, ilichukua maelfu ya walimu wanagenzi, watu wamehitimu na wamesajiliwa, wakapewa Sh20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Kazi ni ile ile ya mwalimu wa kudumu. Hatimaye Aprili 2024 Mahakama ya Leba ikasema wazi kwamba huwezi kumchukua mwalimu aliyekamilika na kusajiliwa ukamwita mwanagenzi, na kwamba kufanya hivyo ni kinyume cha haki yake kazini. Mwezi wa Mei walimu wakagoma, shule zikakwama. Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu.

Lakini msifikirie tumemaliza. Wanagenzi wapya waliendelea kuchukuliwa hata baada ya hapo. Serikali ikishaonja mwalimu wa bei nafuu, kumwacha ni kazi. Tofauti yetu na ninyi ni kwamba wetu walikuwa na barua ya mkataba na hati ya malipo. Kulikuwa na karatasi ya kumwonyesha jaji. Huyu wa Kigoma anayelipwa na kamati ya wazazi atamshtaki nani?

Mtumishi mstaafu

Shikamooni kwa wanaostahili, wengine hamjambo. Nimefanya kazi za utawala kwenye halmashauri kwa miaka mingi, niruhusuni niseme jambo ambalo wengi humu hamlioni kwa sababu hamjakaa jikoni.

Kila mwaka ofisi hutakiwa kuandaa ikama, yaani hesabu ya watumishi wanaohitajika, na bajeti ya mishahara. Unaandika: nina walimu kadhaa, mahitaji ni kadhaa, upungufu ni huu. Inapanda Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wa umma, inakwenda Hazina, kinarudi kibali, mara nyingi pungufu ya ulichoomba. Anayestaafu au kufariki unaomba ajira mbadala, nayo inasubiri kibali. Huo ni mlolongo, na mkuu wa idara anausogeza kwa nguvu pale tu anaposukumwa. Anasukumwa na nani? Na diwani anayelalamika kwamba shule haina mwalimu wa hesabu. Na mbunge. Na mzazi anayekuja ofisini kugonga meza.

Sasa weka kijana wa kujitolea pale. Kipindi kinafundishwa. Mzazi anatulia, diwani anahamia kwenye barabara. Kwenye makaratasi upungufu upo, lakini haumuumi mtu. Nimewaona wakuu wa vituo wenye upungufu mkubwa ambao hawakuwahi kufuatilia kibali, kwa sababu vijana wapo. Kwa hiyo mwalimu wangu wa Kigoma, ninakuonea huruma kweli, lakini inawezekana kabisa kwamba wewe mwenyewe kwa kuendelea kuwepo pale ndiye unayechelewesha nafasi yako kutangazwa.

Enzi zetu haikuwa hivi, na sisemi ilikuwa bora kwa kila kitu. Tulipangiwa vituo kwa sababu tulikuwa wachache mno. Mfumo ule ulikufa miaka ya tisini mwanzoni serikali ilipobana ajira, vyuo vikaongezeka, na hakuna aliyewaeleza wazazi kwamba mkataba umebadilika. Mpaka leo mzazi anauza ng'ombe akiamini mtoto akivaa joho kituo kinamsubiri.

Mwalimu wa kujitolea, Kigoma

Mzee, shikamoo. Umeniumiza, ila siwezi kukubishia. Mkuu wangu wa shule ameniambia mara nyingi "tusingekuwa na wewe tungepiga kelele".

Afisa rasilimali watu, sekta binafsi

Hoja ya mzee ni ya serikalini. Kwangu hakuna ikama wala kibali.

Mwanzisha mada

Kwako kuna faida na hasara, ndiyo maana nasema kwako ni rahisi zaidi. Mtu akikuingizia pesa mlipe. Mwaka 2012 mgomo wa madaktari ulianzia kwa madaktari tarajali, yaani walio kwenye mafunzo kazini, wa Muhimbili waliocheleweshewa posho. Walikuwa wanajifunza? Ndiyo, tena chini ya usimamizi. Na bado nchi nzima ilikubali kwamba wanastahili posho, ugomvi ulikuwa ni kuchelewa kwake. Hata kijana wa kujitolea JKT analala kambini na anakula kambini. Inakuwaje mhasibu na mwalimu ndio wasistahili hata nauli?

Na kuna hili la mkopo. Miaka miwili baada ya kumaliza chuo Bodi ya Mikopo inahesabu kwamba umeanza kudaiwa. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mama Samia aliondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021, tunashukuru, lakini deni lenyewe lipo. Anayejitolea bure mwaka wa nne anadaiwa na serikali ileile ambayo anaifanyia kazi bila malipo. Hapo mimi naona hata kama hatukubaliani kwa mengine, angalau miezi ya kujitolea kwenye taasisi ya umma, iliyothibitishwa kwa barua, ipunguze deni. Hiyo haimnyimi nafasi mtoto wa Kwimba, na mwalimu wa Kigoma hatoki mikono mitupu.

Mzee, nikuulize wewe uliyekaa jikoni: mkurugenzi akitaka kuwalipa hawa vijana kesho, anaweza, au lazima asubiri Hazina?

Mtumishi mstaafu

Anaweza, kwa mkataba wa muda kupitia mapato ya ndani, baraza la madiwani likipitisha. Zipo halmashauri zinazofanya hivyo. Shida ni kwamba hazilingani. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ina leseni za biashara na masoko. Halmashauri ya pembezoni inategemea ushuru wa mazao, na mvua zikigoma hata posho za vikao vya madiwani zinacheleweshwa. Na huko pembezoni ndiko walimu wa kujitolea waliko wengi. Kwa hiyo ukisema tu "halmashauri zilipe", wa Ilala atalipwa na wa Kibondo ataendelea kungoja elfu thelathini za wazazi. Kama ni posho, itoke serikali kuu, ifuate mwanafunzi alipo na isifuate ushuru ulipokusanywa. Hilo la kumpunguzia mtu deni la mkopo, mimi sijawahi kuliona likifanyika, lakini kwenye makaratasi ni jepesi kuliko posho, kwa sababu halihitaji fedha kutoka Hazina mwezi huu.