Mjadala: Pikapu za kizazi kijacho zifungwe injini gani? Mimi nasema dizeli ya lita 2.0 ipumzishwe

MTOA MADA

Wakuu, habari zenu. Leo tujadili pikapu za ukubwa wa kati, kundi la Hilux, Ranger, D-Max, Triton, Navara na Tacoma, na naomba ushabiki wa nembo tuuweke pembeni. Ukifungua boneti za matoleo mapya utaona watengenezaji hawaelewani hata kidogo.

Toyota kwenye Tacoma ya 2024 ameitoa V6 (silinda sita) ya lita 3.5, akaweka silinda nne za lita 2.4 zenye tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada, halafu akaongeza na toleo la hibridi, injini ikisaidiwa na mota ya umeme. Chevrolet Colorado ya 2023 ilitupa V6 na dizeli ya 2.8 kwa mpigo mmoja, ikabaki na petroli ya 2.7 yenye tabo. Ford kaenda kinyume: Ranger ya nje ya Marekani kaipa V6 ya dizeli ya lita 3.0 yenye Nm 600 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuvuta). BYD kaja na Shark, injini ya 1.5 tu, ila ina mota mbili za umeme na betri ya karibu kWh 30 (kWh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Na Hilux mpya iliyoonyeshwa Novemba 2025 ina dizeli ya 2.8 yenye msaada wa volti 48, na nyingine ya umeme mtupu.

Msimamo wangu huu hapa, mnipige mawe. Injini ya kawaida ya pikapu ijayo, yaani ile anayouziwa mtu asiye na mahitaji maalumu, iwe petroli isiyo na tabo, lita 2.5 hivi, ikisaidiwa na mota ya umeme yenye nguvu za kueleweka. Dizeli ya lita 2.0 inayokamuliwa Nm 500 kwa tabo mbili imalize muda wake iondoke.

Sina ugomvi na dizeli yenyewe. Dizeli iliyojenga jina la pikapu ni ile ya kina 5L, injini ya Hilux za zamani: lita 3.0, haina tabo, nguvu za farasi hazifiki hata 110. Mlimani ilikuwa inatia huruma, lakini haikuwa na cha kuharibika. Anayenunua dizeli leo anadhani ananunua mtoto wa yule mzee. Anachopewa ni mtambo wa kusafisha moshi ambao ndani yake kuna injini. Kuna DPF, yaani chujio la masizi. Kuna EGR inayorudisha moshi kwenye njia ya hewa, ukakutane na mvuke wa oili na kuganda kama lami. Kwa nyingine kuna na tangi la AdBlue, kimiminika cha kupunguza sumu kwenye moshi. Kuna nozeli zinazopuliza mafuta kwa shinikizo la bar 2000 na zaidi, na pampu yake inalainishwa na dizeli hiyo hiyo, kwa hiyo maji kidogo kwenye mafuta yanaweza kuimaliza. Kila kifaa hapo kimewekwa kwa sababu ya maana, hakuna anayetaka kuvuta masizi. Ila ukiulizia dizeli za kisasa zinalala gereji kwa nini, mara nyingi pistoni na krenki ni nzima. Kilichokufa ni kimojawapo cha hivyo vilivyozizunguka.

Na msiniambie dawa ni kuipeleka barabara kuu ikachome masizi. Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, gari zaidi ya 260,000, zilikuwa na mfumo wa DPF wenye kasoro. Kasoro ilijitokeza hasa pale gari linapoendeshwa mfululizo kwa kama kilomita 100 kwa saa. Yaani ile ile safari ambayo kila mtu huwa anaitoa kama tiba! Toyota walikuja na marekebisho mwaka 2020, sawa. Lakini kama kampuni yenye sifa ile ya kutengeneza vitu vya kudumu ilihangaika miaka mitano na chujio, mwenye pikapu moja ana ubavu gani?

Sasa tulikuwa tunaing'ang'ania dizeli kwa nini? Kwa sababu ya nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya chini. Ile 2.8 ya Hilux inatoa Nm 500 kuanzia mizunguko 1600. Mota ya umeme inatoa zake kuanzia sifuri. Tacoma ya hibridi inafika Nm 630, kuliko hata V6 ya dizeli ya Ranger, wakati V6 ya petroli iliyoondolewa ilikuwa na 359. Kama kazi ya kusukuma gari lianze kuondoka ameichukua mota, tabo inabaki kufanya nini? Waitoe, injini ipumue kawaida.

Angalizo: volti 48 ya Hilux msiiite hibridi. Kile kimota ni cha kW 12. Kinawasha injini kwa ulaini na kusukuma kidogo mwanzoni, basi.

FUNDI

Mtoa mada umegusa penyewe. Niongeze ninachokiona kila siku.

Gari linaletwa, mwenyewe anasema taa imewaka na nguvu zimepungua. Kabla sijaunganisha kompyuta, nachomoa kijiti cha oili. Dizeli ya zamani ikiwa mgonjwa oili inapungua. Hizi za sasa oili imepanda, imevuka alama ya juu, nyepesi kama maji ya mchele, ukinusa ni dizeli tupu. Kilichotokea ni kwamba DPF ilitaka kujisafisha. Ili masizi yaungue inahitaji joto la kama nyuzi 600, basi kompyuta inapuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda ikaungulie mbele kwenye bomba la moshi. Dereva hajui hili wala lile. Amefika, amezima. Ameacha feni inavuma na harufu ya kuungua, akaenda zake. Sehemu ya ile dizeli inateremka pembeni ya pistoni hadi kwenye oili. Rudia hivyo wiki baada ya wiki, uone beringi za krenki zitasemaje. Ndiyo maana baadhi ya injini, hiyo 2.8 ya Hilux ikiwemo, zimewekewa nozeli ya peke yake kwenye bomba la moshi, dizeli isipite silinda.

Wateja wengi hawajui dalili. Ukiona gari limesimama lakini mizunguko imepanda kidogo yenyewe na feni inaunguruma, usizime. Liache limalize.

Na hizo 2.0 mtoa mada kazionea huruma. Kuna zilizofungwa mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Mpira ndani ya oili, na oili yenyewe ndiyo hiyo imechanganyika na dizeli! Ukianza kumomonyoka, makapi yanaziba chujio la pampu ya oili. Cheni ilikuwa na ubaya gani?

DEREVA WA TELA

Heshima yenu wakuu, lakini mtoa mada anaongea kama mtu anayebeba magunia mawili kwenda sokoni.

Tuchukue hiyo hibridi ya Tacoma. Betri yake ni kWh 1.87, mota yake kama kW 36. Gawanya mwenyewe: hata ikijaa pomoni na uruhusiwe kuikausha yote, mota ikifanya kazi kwa nguvu zake zote unapata dakika tatu. Mlima unaopanda kilomita kumi na tano na tela la tani tatu nyuma hauishi kwa dakika tatu. Zikiisha unabaki na injini peke yake. Tacoma angalau ana tabo. Wewe unataka kuitoa! Petroli ya 2.5 isiyo na tabo, ile wanayofunga kwenye hibridi za kawaida, ina Nm 220 hivi. Halafu hewa ya juu ni nyepesi: kila mita 1000 unazopanda, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu. Utafika juu kwa gia ya pili, mizunguko 5000, injini inalia, malori yanakupigia honi.

Shark unayoitaja inaruhusiwa kuvuta kilo 2500. Dizeli za kundi lake zinavuta 3500. Haina propela ya kupeleka nguvu nyuma, wala gia nzito ya fowili, nyuma inasukumwa na mota tu. Kwenye matope ya siku nzima, mimi simo.

Na mafuta je? Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, zaidi ya asilimia kumi. Petroli ikibebeshwa mzigo mzito inakunywa bila aibu. Tangi ni lile lile.

MTOA MADA

Dereva, hesabu yako ya dakika tatu ni sahihi na sitaipinga. Ila soma tena nilichoandika: injini ya kawaida. Wewe wa tani tatu kila siku hukuwa mteja wa lita 2.0 tangu mwanzo. Injini yako ni 3.0, ile 4JJ3 ya D-Max au V6 ya Ranger, injini kubwa isiyobanwa koo. Hiyo ibaki kwenye orodha kama chaguo la mwenye kazi hiyo. Na gari linalovuta mzigo safari ndefu moshi wake unakuwa wa moto muda mwingi, kwa hiyo DPF yako ina nafuu kuliko ya mtu wa vituo vifupi. Ninayemtetea mimi ni yule wa vituo vifupi, gari tupu nusu ya siku, tela mara moja moja. Huyo ndiye anauziwa Nm 500 za kwenye karatasi na kuletewa bili ya chujio.

Halafu hibridi hazifanani. Ranger ya kuchomeka kwenye umeme ina petroli ya 2.3, betri ya kWh 11.8, inavuta kilo 3500 na fowili yake ni ya vyuma kama kawaida. GWM Cannon Alpha ina betri ya kWh 37.1, nayo 3500. Ubaya ni uzito: betri kubwa inakula kilo ambazo ungepakia nyuma.

MKONGWE

Vijana mnajisumbua. Nissan Frontier bado ana V6 ya 3.8 bila tabo, nguvu za farasi 310, hakuna betri, hakuna chujio la masizi. Turudi huko.

MTOA MADA

Mzee wangu, hata mimi naipenda, na ingekuwa kwa mapenzi tu mjadala ungeishia hapo. Ila watengenezaji hawachagui kwa mapenzi. Australia, soko la pikapu hasa, imeanza kiwango chake cha hewa ukaa (CO2) kwa magari mapya mwaka 2025, na kampuni inayozidisha wastani wake inalipa faini. V6 inayokunywa inaweza kuuzwa, lakini ni lazima iwepo nyingine ya kuifidia.

MSIMAMIZI WA MAGARI

Mbona umeme mtupu mnaupita kama hamuuoni? D-Max ya umeme ina betri ya kWh 66.9, inabeba takriban tani moja na kuvuta 3500. Hilux ya umeme iko chini, inabeba kama kilo 715 na kuvuta 1600. Zote safari ni fupi, D-Max kwa kipimo cha maabara cha WLTP ni kilomita 263, na ukifunga tela zito usitegemee hata nusu na kidogo. Lakini gari linalozunguka eneo moja na kulala yadi ile ile, injini ya nini? Huyu mtu wa vituo vifupi wa mtoa mada ndiye huyu huyu wangu.

FUNDI

Kwa huyo nakubali. Na mtoa mada usiisifie sana petroli: zenye kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda nazo siku hizi zinafungwa chujio la masizi, hasa Ulaya. Tofauti ni kwamba moshi wa petroli ni wa moto zaidi, linajisafisha bila kelele. Ubaya mwingine wa aina hiyo ni vavu za kuingizia hewa kuota kaboni, kwa vile hazioshwi na mafuta. Toyota wanaweka nozeli za aina mbili, hapo walifikiria.

DEREVA WA TELA

Haya, tuseme nimekubali injini ya kawaida iwe hiyo ya mtoa mada. Mnunuzi atajuaje anachonunua? Wanaandika nguvu za injini na mota kwa pamoja, farasi 326, farasi 400, betri ikiwa imejaa.

MTOA MADA

Hapo tuko pamoja. Waandike namba mbili: nguvu betri ikiwa imejaa, na nguvu inayobaki ikiisha.

DEREVA WA TELA

Na namba ya pili ipimwe mlimani, tela likiwa nyuma, kwa nusu saa. Wakiniletea karatasi hiyo nitaisoma, hata kama ni ya petroli.